Ekzosi ya Safari ya Shukrani

Ntobeye, Ngara
3 Juni 2024

Bulugu, mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kibarazani, kahawa imeanikwa mbele yangu na kuku wanaivizia. Sisi tu wazima. Mama Nimpaye anakusalimu na anauliza kama mkeo ameshajifungua. Hilo ulijibu kwanza, la sivyo hataniachia barua yako niisome kwa raha.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Mtandao wa huku ni wa kubahatisha, na unajua napenda kuuona mwandiko wako. Ulikuwa utingo wa lori pale Rusumo, mnangoja siku nne mzigo utolewe forodhani, nami wakala wenu nikakufundisha herufi kwa kusoma namba za magari yaliyokuwa kwenye foleni. Tangu hapo sijaacha kuwa mwalimu wako, na leo umekuwa fundi mkubwa. Barua nampa Nzeyimana wa basi, atakuletea mpaka gereji.

Sasa shida yangu. Ile pikipiki yangu kubwa ya safari, ambayo Mama Nimpaye anaiita mke mwenza, imeoza ekzosi. Kutu imekula pale kwenye maungio, ukiingiza kidole kinatokea upande wa pili. Fundi wa Ngara mjini ameichomelea mara mbili, na mara zote mbili nimefika Bugarama ikafunguka. Nataka nyingine kabisa, na wa kunitafutia ni wewe.

Ni kwa ajili ya safari. Kwaresima ya mwaka juzi nilianguka na pikipiki hiyo hiyo nikija kwako Biharamulo, malaria imepanda kichwani, damu imeniishia. Wewe ulinikimbiza hospitali, ukataka kunipa yako, wakakwambia hailingani. Walionipa ni watu watatu waliokuja kuwatazama wagonjwa wao: Jeremia wa Nyakahura, Diana wa Lusahunga na Secilia wa Runazi. Sikuwahi kuwaona kwa macho. Muuguzi aliyaandika majina yao kwenye boksi la dawa, na Mama Nimpaye amelihifadhi ndani ya Biblia. Kwetu mtu aliyekupa uhai humtumii salamu, unamfuata mlangoni kwake na mzigo. Nataka nimshukuru kila mmoja kwa mdomo wangu na niisikie sauti yake. Maharage yao nimeshayavuna. Niende kabla mvua hazijaanza.

Ekzosi iwe na sauti kubwa. Hilo usinihoji.

Mwalimu wako,
Celestini Nduwayo


Biharamulo mjini
9 Juni 2024

Mwalimu, shikamoo. Na Mama, shikamoo.

La kwanza: mke wangu amejifungua Alhamisi, mtoto wa kike, ana sauti ya kuwaamsha wafu. Mama na mtoto wazima. Mungu ni mwema.

La pili, ekzosi. Umesema nisihoji, lakini Mwalimu, ukimnyima Msukuma swali ni afadhali umnyime ugali. Sauti kubwa ya nini? Mzee wa miaka sitini na minne! Vijana wa bodaboda wa Benaco wakikusikia watakukabidhi uenyekiti wao. Au kuna mjane huko Runazi unataka akusikie ukiwa bado uko mbali?

Basi nimecheka, sasa nifanye kazi. Nimeulizia Mwanza na Kahama, nimepata tatu zinazoingia kwenye bomba lako bila kukata kitu.

Ipo ya asili yake, iliyotolewa kwenye pikipiki kama yako iliyogongwa. Ni nzito, ukiibeba mkono mmoja unachoka, lakini imetulia, mtu anaweza kulala pembeni yake. Ubaya, nayo imeanza kutu pale pale palipokuozea wewe. Baada ya miaka miwili utaniandikia barua hii tena.

Ipo ya wazi, fupi, ya wale wanaopenda mashindano. Nyepesi mno. Ndani haina kitu, moshi unatoka moja kwa moja, na kelele yake, Mwalimu, niliiwasha hapa gereji mama muuza chapati akamwaga uji. Tena ukiifunga hiyo ni lazima kabureta irekebishwe, maana injini itakosa mafuta ya kutosha na itachemka. Na mdomo wake unaelekea sanduku lako la pembeni. Maharage ya watu yatafika yamekaangwa.

Ya tatu ni ya chuma cha pua, imetengenezwa kwa watu wa safari ndefu. Kutu haiingii. Ina kizibo ndani kinachoshikwa na bolti moja: kikiwemo inanong'ona, ukikitoa inanguruma. Ina pia bati la kuzuia joto. Mimi ningekuwa wewe ningechukua hiyo, na kizibo ningekiacha mahali pake.

Mwalimu, kila bolti ninayofungua ninasoma kwanza namba yake, na kila ninaposoma nakukumbuka. Chagua unayotaka, hii ni zawadi yangu.

Mwanafunzi wako,
Bulugu Malongo


Ntobeye
14 Juni 2024

Bulugu,

Hongera sana! Tumeimba nyumba nzima, Mama Nimpaye akakanyaga kahawa yangu kwa kucheza.

Asante kwa maelezo. Yamepangika vizuri, hata ningekuwa kipofu ningeziona ekzosi zote tatu. Nataka ile ya wazi. Mama muuza chapati mpe pole kwa niaba yangu.

Ya kabureta nielekeze kwenye karatasi, fundi wa hapa atafuata. Mjane wa Runazi hayupo. Ipo sababu nyingine, nayo ni yangu mwenyewe.

Mpe Nzeyimana ailete.

Celestini


Ntobeye
2 Julai 2024

Mwanangu Bulugu,

Kitenge hiki ni cha mkeo aliyejifungua na hili shuka ni la mjukuu wangu. Nzeyimana ameapa kwamba hatamwambia Mwalimu kuwa nami nimeandika, na mimi nimemwapisha mara mbili.

Mwalimu hasikii. Ile homa iliyompeleka hospitali iliondoka na sikio la kushoto, na hili la kulia linapungua kila mwezi. Mtandao wa Ntobeye hauna ubaya wowote. Nimpaye hunipigia kutoka Dodoma kila Jumapili na tunaongea mpaka salio linakwisha. Anaandika barua kwa sababu kwenye simu hapati hata neno moja. Watu wakicheka anacheka, wakikunja uso anakunja. Tunaojua ni mimi na daktari wa Mwanza, na sasa wewe. Hata Nimpaye hajaambiwa. Ni kiburi, lakini ni mume wangu na nimemzoea hivyo.

Jumamosi waliifunga ile ekzosi mjini, akaenda kuijaribu kwenye lami mpaka Kasulo. Kwenye kona walikuwa wakivusha ng'ombe, wafugaji wenzako wa kutoka Shinyanga. Kishindo kile kikawachanganya ng'ombe, wakatawanyika barabarani. Mchungaji akapiga mluzi, akapiga kelele, "Simama baba! Simama!" Naye anakuja tu. Mtamba mmoja akamvaa ubavuni, akaenda mtaroni na pikipiki yake.

Usiogope. Kifundo cha mkono kimeteguka na goti limechubuka. Mtamba ni mzima. Yule mwenye ng'ombe, Mungu ambariki, aliacha mifugo yake yote kwa watoto wake akamleta mpaka nyumbani, na wala hakutaka kusikia habari ya fidia. Alichosema ni kwamba huyu mzee ni kama haogopi. Mimi nikamfungia kahawa ya kubeba.

Sasa niko njia panda. Nikificha ufunguo, nitakuwa nimemnyima kitu pekee anachokiota tangu apone. Kila siku analitoa lile boksi la dawa anasoma majina matatu. Nikimwachia ufunguo, siku moja lori litapiga honi nyuma yake, na yeye hatasikia. Nakuomba useme ekzosi hiyo haifai, irudi kwako. Kazi nyingine niachie mimi na Bikira Maria.

Na nisikose adabu: asante kwa siku ile ya Kwaresima. Sijawahi kukushukuru inavyostahili. Ulikaa naye usiku na mchana mpaka nikafika.

Usimwambie nimekuandikia.

Mama Nimpaye (Clotilda)


Biharamulo
6 Julai 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia kwa haraka, Nzeyimana anapiga honi hapo nje. Aliyeniuzia ile ekzosi amenipigia simu, anasema za kundi lile zina ufa ndani, zinaweza kupasuka mtu akiwa barabarani. Tafadhali ifungue leo leo umpe Nzeyimana. Usiiwashe tena pikipiki mpaka nikuletee nyingine.

Samahani kwa usumbufu. Kosa ni langu.

Bulugu


Ntobeye
11 Julai 2024

Bulugu,

Ufa. Nimeimulika ekzosi hiyo kwa tochi, nimemwaga maji ndani, nimeigonga kwa spana kila upande. Haina ufa. Miaka thelathini nimesoma fomu za forodha za watu wanaosema wamebeba saruji kumbe wamebeba sabuni. Uongo wa kwenye karatasi naujua unavyokaa, na wako umekaa vibaya kwa sababu hujazoea kusema uongo. Na kitenge cha mkeo hakikuondoka humu chenyewe.

Nilikasirika. Niliandika barua nyingine kabla ya hii, ndefu, ya matusi ya kisomi. Nimeichana. Siwezi kuwatukana watu wawili wanaotaka niishi.

Ni kweli, Bulugu. Nikishika simu nasikia nyuki. Misa nzima natazama mdomo wa padre. Mwezi wa tatu niliendesha kutoka Ngara mpaka karibu na Rusumo nikiwa na gia ya pili, injini inalia kuomba msaada na mimi sina habari, mpaka kijana wa bodaboda akanionyesha kwa mkono. Hapo ndipo nilipoona aibu. Nikasema nitatafuta ekzosi ambayo hata mimi nitaisikia, nijue lini nibadilishe gia, niende kwa watu wangu watatu.

Na niliisikia! Kutoka mjini mpaka Kasulo, dakika arobaini, niliisikia injini yangu kama zamani. Nililia ndani ya helmeti. Labda machozi ndiyo yaliyonizuia nisiwaone ng'ombe mapema, hilo usimwambie Mama.

Lakini nikueleze lililonitisha kuliko mtaro. Jioni ile sikio la kulia lilizimika kabisa. Mama anafungua mdomo, sipati kitu. Lilirudi kesho yake mchana, na halikurudi lote. Daktari wa Mwanza alishaniambia nikae mbali na kelele, na mimi nikazifunga kelele zenyewe chini ya kiti changu. Mwaka mmoja, alisema, au pungufu, kisha kimya.

Kwa hiyo ekzosi nairudisha, lakini si kwa ajili ya ufa wako. Sasa nifanyeje? Nikikaa nyumbani, nitakuwa natembea na damu ya watu ambao sauti zao sikuwahi kuzisikia, na baada ya mwaka hata nikienda nitaangalia midomo tu. Basi halifiki milangoni kwao. Na kupakiwa nyuma kama gunia na kijana wa bodaboda sitaki, huo ni udhaifu wangu, nisamehe.

Umewahi kunisikia nikiuliza swali nisilolijua jibu lake? Nakuuliza.

Celestini


Biharamulo
16 Julai 2024

Mwalimu, shikamoo. Mama, shikamoo. Barua hii someni wote wawili, tumemaliza mambo ya kufichana.

Kwanza nisameheni uongo wangu wa ufa. Na Mwalimu, nisamehe mizaha yangu ya uenyekiti na mjane. Nilicheka kitu nisichokijua, na mke wangu ameninunia kwa hilo siku tatu.

Nimefikiri sana, kwa sababu hujawahi kuniuliza kitu. Nikagundua tulikosea wote kwenye kuchagua. Wewe ulichagua ekzosi kwa ajili ya sikio lako. Mimi nikachagua kwa ajili ya chuma na kutu. Hakuna aliyeuliza nani atakaa nyuma.

Pikipiki ya safari ina viti viwili, Mwalimu. Mama ana masikio mazima. Anasikia kuku akiiba kahawa akiwa jikoni. Akikaa nyuma yako, yeye ndiye asikie lori, wewe uendeshe. Lakini atasikiaje lori kama ekzosi yenyewe inapiga kelele chini ya miguu yake? Ndiyo maana inatakiwa ile ya tatu, ya chuma cha pua, inayonong'ona. Inalinda na sikio lako lililobaki.

Nimempa Nzeyimana ailete. Kile kizibo ambacho nilikwambia kinatoka kwa bolti moja, sasa hakitoki. Nimekichomelea kwa sababu nakujua.

Ya gia msihangaike. Kwenye ile saa ya mizunguko ya injini, paka alama mbili kwenye kioo kwa rangi ya kucha niliyoifunga humu, ya mke wangu. Mshale ukifika alama ya juu panda gia, ukishuka ya chini shusha. Macho yako ni mazima, yafanye kazi. Nimeweka pia vioo viwili vipana vya pembeni.

Na Mama, mpatane ishara. Mimi nimewaza hivi: kugonga bega la kulia mara moja, gari linataka kupita. Mara mbili, simama. Mama akikubali, lakini.

Mwalimu, pale Rusumo utingo wenzangu walinicheka, mtu mzima anasoma namba za magari kwa sauti. Wewe hukunicheka hata siku moja. Nilikuwa sijawahi kupata kitu cha kukurudishia.

Bulugu


Ntobeye
22 Julai 2024

Mwanangu,

Mama amekubali, kwa masharti.

Mguu wangu wa kulia una kovu la ekzosi la mwaka tisini na nane, kubwa kama jani la maharage. Siku ile niliapa sitampanda tena huyo mke mwenza, na nimetunza kiapo miaka ishirini na sita. Kwa hiyo jana baada ya Misa nilimwambia Mwalimu aizungushe hiyo ekzosi yako mpya mpaka Bugarama na kurudi, kisha nikaweka kiganja juu ya lile bati. Lina uvuguvugu tu. Nikaweka tena. Ni kweli.

Sitakaa upande kama ninavyokaa kwenye bodaboda. Nimeshona suruali ya kuvaa chini ya kitenge, nitakaa kama askari. Nimemwambia pia Nimpaye habari za baba yake, Mwalimu akiwa pale pale amekaa. Hakunizuia. Alisema tu, "Mwambie aandike barua."

Asante kwa kuniona, Bulugu. Mimi niliona njia mbili tu, kuficha ufunguo au kumzika.

Tunaondoka mkono ukipona kabisa.

Mama yako,
Clotilda


Ntobeye
12 Agosti 2024

Bulugu, mwanangu,

Asante. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua utamhoji Nzeyimana, naye huongeza chumvi.

Tulitoka saa moja asubuhi, maharage sanduku la kushoto, kahawa la kulia, wala hakuna kilichokaangwa. Mpaka Nyakahura Mama alinigonga bega mara ishirini na tatu. Nadhani malori yalikuwa kumi na tisa. Mara nne alikuwa analipiza kisasi. Malori yalipita, nami nikayapisha kwa heshima zote. Ekzosi sikuisikia hata kidogo, niliihisi magotini. Tulipopumzika nilimuuliza Mama inaliaje, akaniandikia kiganjani kwa kidole: inaguna. Nikasema basi ni nzima.

Nyakahura tulimkuta Jeremia akiziba pancha. Nilipofika mbele yake nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mtu baki. Nilisema, "Mimi sisikii vizuri. Niambie hapa," nikamwonyesha sikio la kulia. Dunia haikuanguka. Alifuta mikono, akainama. Ana sauti ya kukwaruza. Aliniambia alikuwa amesahau kabisa, siku ile alikuja kumtazama shangazi yake. Kisha akapima upepo wa matairi yangu yote mawili, hakutaka niondoke bila yeye kunipa kitu tena.

Diana wa Lusahunga ana sauti nyembamba, nilipata nusu. Nusu nyingine Mama alinirudishia. Alisema sisi ni watu wa kwanza kumpikia chakula siku ya kazi: yeye ni mama lishe, na Mama Nimpaye alimnyang'anya mwiko akampikia maharage yetu.

Kwenu tulilala, mengine ya huko unayajua. Mtoto wako ni kweli anaamsha wafu. Ulipompakata karibu na sikio langu akilia, nilikuomba umwache alie, sasa unajua kwa nini.

Ila Runazi hukuwepo, kwa hiyo nisikilize.

Secilia alikuwa uani anatwanga muhogo. Mama akajitambulisha, akasema, huyu ni Celestini wa Ngara, uliyempa damu Kwaresima ya mwaka juzi. Yule mama aliuachia mchi ukaanguka, akakimbilia ndani akafunga mlango. Tukabaki uani na mzigo wetu kichwani. Nilidhani tumemkosea. Mama akagonga, akaongea na mlango muda mrefu. Mwishowe ukafunguka kidogo, likatoka jicho na rozari.

Kumbe siku ile akitoka hospitali alisikia kilio wodini. Akauliza nani amefariki, mtu akamwambia labda yule mgonjwa wa Ngara, Celestini. Alirudi nyumbani akaniombolezea, mtu asiyemjua, kwa sababu damu yake imezikwa. Na mwezi wa marehemu ulipofika akapeleka jina langu kanisani lisomwe pamoja na wafu wao. Novemba mbili mfululizo padre wa Runazi amesoma, "Celestini wa Ngara," na watu wakaitikia apumzike kwa amani.

Alinizunguka mara moja. Akanishika mashavu kwa mikono yenye unga, akanivuta, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia, akapiga ukelele mpaka majirani wakatoka: "Marehemu! Miaka miwili nakuombea upumzike, kumbe unazurura na pikipiki!"

Bulugu, nimesikia kila neno.

Celestini Nduwayo